Kupima Kwanza, Kubadilisha Baadaye: Namna Tunavyotafuta Hitilafu ya Umeme katika Gari la Zamani

Wateja wengi wanaotuletea gari lenye hitilafu ya umeme huwa wamekwisha kununua betri mpya, na wengine alternata pia (kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri), lakini gari bado haliwaki asubuhi. Ndiyo sababu karakana yetu hutoza upimaji kama kazi inayojitegemea, na hatuuzi kifaa kabla kipimo hakijaonyesha kwamba kinahitajika.

Hatua ya kwanza haichukui muda. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebakiwa na takriban nusu ya chaji. Injini ikiwa inanguruma, vichwa vya betri visome kati ya volti 13.8 na 14.5.

Ikiwa chaji ni nzuri lakini betri huisha gari likiwa limeegeshwa, tunaunganisha mita ya ampea kati ya betri na waya wake hasi, tunafunga milango na kusubiri, kwa kuwa vifaa vya kielektroniki katika baadhi ya magari huchukua hata nusu saa kabla ya kuzimika kabisa. Baada ya hapo, ampea 0.05 au pungufu ni matumizi ya kawaida ya saa na kumbukumbu ya redio. Ikibaki nusu ampea, betri ya saa-ampea 60 (saa-ampea moja ni ampea moja ikitumika kwa saa moja) hupoteza saa-ampea 12 kila siku, na katika siku mbili tatu stata inaweza kushindwa kuzungusha injini. Hapo tunachomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi mita ishuke, kisha tunafuata kila kilichounganishwa na fyuzi hiyo: taa ya buti isiyozimika, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyonata, king'ora kilichofungwa na fundi wa zamani. Ikiwa hakuna fyuzi inayoishusha, tunafungua waya mnene wa alternata, kwani diodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zikiharibika hupitisha umeme hata injini ikiwa imezimwa.

Hata hivyo, katika magari yaliyotumika miaka mingi, tatizo tunalokutana nalo zaidi ni ethi, yaani njia ya umeme ya kurudi kwenye betri. Umeme ukishafika kwenye taa au stata hurudi kwenye betri kupitia bodi la gari na nyaya zilizokazwa kwa boliti, na boliti hizo hushika kutu bila mtu kuziona. Indiketa ya nyuma ikiwaka pamoja na taa ya breki kwa mwanga hafifu, tunaanza na ethi ya taa hiyo kabla ya kugusa balbu. Waya wa ethi wa injini ukikatika, umeme mkubwa wa stata hutafuta njia nyingine na unaweza kupita kwenye kebo ya chuma ya pedali ya mafuta hadi ikapata moto, jambo la hatari ambalo hatulifanyii mzaha.

Hitilafu ya namna hii hufichika kwa sababu mita yenyewe hutumia umeme mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utasoma volti 12 kamili, ila ukiwashiwa taa kubwa hautoi kitu. Kwa hiyo tunapima kifaa kikiwa kinafanya kazi: ncha moja ya mita kwenye injini, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, huku mwenzetu akipiga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ina kasoro, na mara nyingi dawa yake ni kusugua na kukaza upya, bila kununua chochote.

Unapotuletea gari, tueleze tatizo hutokea wakati gani: injini ikiwa ya moto, mvua ikinyesha, au mlango ukifunguliwa, kwa kuwa nyaya zinazopita kwenye bawaba za mlango hukatika ndani ya mpira wake. Tutajie pia kila kifaa kilichowahi kuongezwa, hata kama kilikwisha kuondolewa, maana nyaya zake huweza kuachwa chini ya dashibodi zikiwa bado na umeme.