Vielezi Jumamosi hii

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi saa nne asubuhi tukutane palepale Alliance Française, Loita Street. Safari hii ni vielezi vya Kifaransa.

Kuviunda si kazi: chukua kivumishi katika umbo lake la kike, ongeza -ment. Lente (-a polepole), lentement (polepole). Vile vya -emment kama évidemment (bila shaka) tamkeni "-aman", tafadhali.

Kinachotusumbua ni mahali pa kuviweka. Sisi husema "nimekula vizuri", kielezi mwishoni. Mfaransa hukichomeka katikati, kati ya ai na mangé: j'ai bien mangé. Hivyo hivyo déjà (tayari), souvent (mara nyingi), trop (mno), toujours (daima). Hier (jana) na demain (kesho) haviingii humo. Huanza sentensi au huimaliza. Kwa wakati uliopo, kielezi hufuata kitenzi: je prends souvent le matatu (mara nyingi napanda matatu). "Je souvent prends" ni Kiingereza chetu kinachotuponza, na naisikia kila wiki.

Kila mmoja aje na sentensi tano za maisha yake, za kusema, si za kusoma kwenye simu. "Le matatu roule trop vite" (matatu inakwenda kasi mno) nimeshaichukua mimi. Na yule wa "j'arrive bientôt" (nafika sasa hivi) akiwa bado kitandani Rongai, tunakujua. Ukichelewa, tuambie mapema, si saa nne na nusu.