Tokeni Zaisha, Kisima Chaingia Chumvi: Tuanzie Ndani ya Nyumba

Kaskazi ikiingia na wageni wakijaa kijijini Shela, maswali mawili hayatoki mlangoni kwetu. La kwanza: mbona pesa zile zile za mwezi jana leo zimetoa uniti chache za stima? La pili: mbona maji ya kisima yameanza kuwa ya chumvi? Wateja huyaleta mbali mbali, moja kwa fundi stima, jingine kwa fundi bomba. Duka letu linafanya kazi zote mbili, na tukiingia nyumbani mara nyingi tunakuta majibu yote mawili yako kwenye pampu na yale yanayovuja mbele yake.

Tuanze na maji, maana hapa Lamu ndiyo roho ya jambo lenyewe. Kisiwa chetu hakina mto. Visima vya ndani ya mji wa kale vimebanana na mashimo ya vyoo, na maji yake hayafai kunywa bila kusafishwa. Maji matamu ya mji yanatoka Shela. Mvua inazama kwenye vilima vya mchanga, inachujwa, inakaa chini, kisha visima vya kampuni ya maji, LAWASCO, vinaivuta na kuisukuma hadi kwetu. Lakini chini ya kisiwa kuna bahari pia. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi yanakaa juu yake, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi.

Wataalamu wa maji wana hesabu yao ambayo kila mwenye kisima kisiwani angefaa kuijua. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukiisikia hivyo unafurahi. Sasa igeuze: usawa wa maji matamu ukishuka mita 1 na kubaki hapo, mpaka wa chumvi nao unaweza kupanda mita 40. Na mahali chumvi inapowahi kupanda ni pale pale chini ya kisima kinachovutwa kwa nguvu. Pampu kubwa ikivuta saa nyingi mfululizo inainua chumvi kuelekea mdomo wake yenyewe. Ikishapanda, haishuki kwa kuzima pampu siku mbili tatu. Inasubiri mvua za masika ziisukume tena, na masika yetu ni Aprili hadi Juni, mwezi wa Mei ndio wenye maji hasa. Desemba hadi Machi ni kiangazi cha kaskazi, na ndipo nyumba za wageni zinapojaa. Tunavuta zaidi wakati ambapo ardhi ina kidogo.

Kwa hiyo mtu akichota mchanga Shela wa kujengea, au akijenga juu ya vilima vile, anagusa tangi la mji mzima. Tunalisema wazi ingawa sisi wenyewe tunauza vifaa vya ujenzi.

Kampuni za huduma zimefanya sehemu yao, na ni vizuri mteja ajue zimefanya nini. Kwenye maji, bei hupanda kwa ngazi: anayetumia kidogo analipa bei ndogo kwa uniti, anayezidi analipa zaidi kwa zile za juu. Uniti moja ya maji ni mita 1 ya ujazo, yaani lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Hebu ufikirie punda anavyopanda na mitungi minne, utajua uniti moja ni safari ngapi. WASREB, wanaosimamia kampuni za maji nchini, wamekuwa wakieleza katika taarifa zao kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa Kenya hayalipiwi: yanavuja njiani, yanaibwa, au mita zinasoma vibaya. Ndiyo sababu ya mita mpya na ya watu kuhimizwa watoe taarifa wakiona bomba limepasuka barabarani.

Kwenye stima, wengi mnakumbuka mwaka 2010 Kenya Power walipoanza kubadilisha globu za zamani bure na kutoa zile za kuokoa umeme. Leo LED ya wati 9 inatoa mwanga wa globu ya zamani ya wati 60, na kwa taa hakuna mjadala tena. Kuna nyota zinazobandikwa kwenye friji na viyoyozi chini ya kanuni za EPRA, wanaosimamia nishati nchini. Nyota nyingi, umeme mdogo. Ukinunua friji ya mtumba isiyo na nyota kwa sababu ni rahisi, utailipa bei yake mara nyingine kupitia tokeni. Na kuna kampeni ya Pika na Power, inayowahimiza watu wapikie umeme. Kwa maharage na nyama ngumu, sufuria ya presha ya umeme hutumia chini ya uniti moja, na tunaipendekeza kwa mama anayenunua makaa kila siku.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni makundi ya bei. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu. Tofauti na maji, ukipanda kundi bei mpya inashika uniti zako zote, si zile za juu peke yake. Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Mwezi ule wa wageni, au wa pampu mbovu, unaendelea kukudai hata baada ya wageni kuondoka.

Mipango yote hiyo inafika mpaka kwenye mita. Ukishapita mita, bomba ni lako, waya ni wako, na hakuna kampuni itakayokuja kusikiliza choo chako usiku.

Tulikwenda nyumba moja mtaa wa Mkomani, ya bibi anayeishi na wajukuu wawili. Alitwambia, "Mwanangu, tokeni zanishinda. Friji ni moja, taa ni hizo, na pasi naitia Ijumaa tu. Umeme waenda wapi?" Fundi wetu akamwomba, "Shikamoo bibi, naomba tuzime kila kitu tusikilize." Wakazima redio, wakafunga mifereji yote ya maji. Baada ya muda pampu ikawaka yenyewe, ikanguruma, na haikuzima.

Nyumba ile haikuwa na tangi darini. Pampu ilifungwa ya otomatiki: presha ikishuka inawaka, presha ikitimia inazima. Kwenye tangi la choo, mpira wa chini ulikuwa umeliwa na maji ya chumvi, ukawa hauzibi sawasawa. Maji yalikuwa yakiteleza ndani ya bakuli bila sauti, utelezi mwembamba ambao huuoni mpaka uweke karatasi. Pampu nayo ilikuwa imechoka kwa mchanga, haina tena nguvu ya kufikia ile presha ya kuzimia. Ikawa inafukuzana na choo usiku kucha. Pampu ya nusu hospawa huvuta kama nusu uniti kwa saa. Ikinguruma kwa muda wa saa 8 usiku ni uniti 4, na kwa mwezi ni 120. Bibi alikuwa amefika kundi la juu kabisa akiwa amelala.

Tulibadilisha mpira, tukaweka valvu mpya ya chini kisimani isirudishe maji, tukapandisha tangi dogo darini na kufunga swichi ya boya. Sasa pampu inawaka tangi likishuka, inajaza, inazima, na choo kikivuja tena hakiwezi kuiamsha kila saa.

Hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu kuna mafundi wanaouza hofu. Kama tayari una tangi darini na pampu nzima, choo kinachovuja hakikupotezei umeme mwingi. Tuseme kinavuja nusu kikombe kwa dakika. Hizo ni lita 180 kwa siku, mitungi 9, na pampu nzima huzirudisha kwa dakika chache tu. Unachopoteza wewe ni maji: zaidi ya uniti 5 kwa mwezi, zimetoka Shela, zimesukumwa mpaka mjini, zimeingia shimoni bila mtu kunawa mkono. Kama unavuta kisima chako mwenyewe, lita zile zile unazitoa juu ya chumvi. Kwa hiyo usikubali kuuziwa pampu mpya kabla hujajua pampu inafuata nini.

Vipimo viwili unaweza kufanya mwenyewe, havina gharama. Usiku, watu wakishalala, funga mifereji yote, kisha tazama mita ya maji kwa tochi. Kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa maji machache. Kikizunguka wakati nyumba imelala, kuna tundu. Cha pili ni cha choo: tia rangi ya chakula, hata ile nyekundu ya mabuyu, kwenye tangi la choo, usivute kwa nusu saa. Ukiona wekundu kwenye bakuli, mpira umekwisha. Mpira huo ni kifaa cha bei ndogo kabisa dukani mwetu, na ndio tunaoubadilisha zaidi ya vyote.

Mabomba ya chuma tunawashauri wateja waachane nayo. Maji ya chumvi kwa ndani, upepo wa bahari kwa nje, hayadumu. Plastiki ya kuchomelea kwa joto inafaa zaidi kisiwani, mradi isipigwe na jua.

Wasimamizi wa misikiti nao tungependa waje tuzungumze. Wazee wetu walitawadha kwa kata kwenye birika, maji yakiwa yamepimwa na mkono wa mtu. Mfereji umeleta wepesi, lakini umefanya mtu aache maji yanamwagika huku anapangusa kichwa na masikio. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita 1. Mfereji uliofunguliwa wote hupitisha kiasi hicho kwa sekunde chache. Ipo mifereji ya kubonyeza inayojifunga yenyewe, na kwa msikiti wenye safu ya mifereji kumi na zaidi, tofauti inaonekana kwenye bili ya mwezi wa kwanza. Kwa misikiti kazi ya kufunga hatutozi, vifaa tu.

Wenye nyumba za wageni, kwenu kubwa ni hita na kiyoyozi. Hita ya bafu ya papo hapo yenye kilowati 4.5, dakika kumi, inakula karibu robo tatu ya uniti kwa mgeni mmoja. Jua la Lamu linaweza kupasha maji hayo bure karibu mwaka mzima. Kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 25 badala ya 18, mgeni analala vizuri na mashine inapumzika. Na shuka zisibadilishwe kila siku mpaka mgeni aombe. Kufua ni maji na stima kwa pamoja.

Tena kuna mvua. Ndugu zetu wa Pate na Siyu wanajua jabia, yale matangi ya kukinga maji ya mvua, na hawakungoja mtu kuwafundisha. Kwenye dari bapa au bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 inakupa lita 1,000. Makuti hayafai kwa kunywa, ila maji yake yanamwagilia na kufulia. Ukitaka mfereji wa kukinga maji ya dari na tangi viwe tayari kabla ya masika, tuambie Februari. Aprili mafundi wote wamebanwa, na mvua ya kwanza inayoosha dari huwa imeshapita.

Ukitaka tukukague, njoo na vitu viwili: ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu iliyopita, maana kila ujumbe unaonyesha uniti ulizopata, na bili za maji za miezi hiyo hiyo. Tutakaa nawe dukani tuzisome pamoja kabla ya fundi kubeba mkoba. Kuna wateja ambao tumeona kwenye karatasi tu kwamba nyumba iko sawa, ni wajukuu waliokuja likizo, na tukawarudisha nyumbani bila kuwatoza. Ukaguzi wa nyumba tunaufanya kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi asubuhi. Anayesikia pampu yake usiku asingoje zamu: apige simu, fundi atamweleza koki ya kufunga, na kesho yake tutakuwa mlangoni.