Risala kwa Mgeni Rasmi: Upepo wa Mlango wa Mto Pangani na Vijana Wanaoutumia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini,
Wazee wetu manahodha na wavuvi wa pande zote mbili za mto,
Walimu, wanafunzi, wazazi, mabibi na mabwana,

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa ukingoni tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuacha shughuli zako na kuja kutufungia mafunzo yetu ya upepo na usalama majini, na kushuhudia mashindano ya ngalawa na mbao za tanga, yaani ubao ambao mtu husimama juu yake na kuliendesha tanga kwa mikono. Karibu sana Pangani.

Umefika tangu asubuhi, umekunywa dafu, umeutazama mto umetulia kabisa, na pengine umejiuliza moyoni hawa vijana wananisubirisha nini. Ratiba inasema vyombo viondoke saa nane na nusu mchana na vyote viwe vimerudi kabla ya saa kumi. Wapo waliodhani tumepanga hivyo kwa ajili ya chakula. Pilau ipo, lakini sababu ni nyingine, na karibu risala yetu yote imo ndani ya sababu hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni cha vijana wa Pangani mjini na wa Bweni ng'ambo. Wengi ni watoto wa wavuvi. Tuna ngalawa za wazazi wetu, tuna mbao za tanga zilizoachwa na wageni, na tuna kaiti chache, yaani tiara kubwa za kumvuta mtu juu ya maji, ambazo zimetiwa viraka mpaka rangi yake ya mwanzo haijulikani tena. Ndugu zetu wa Paje, kule Unguja, wana pwani pana iliyokingwa na mwamba, na michezo ya kaiti imewapatia vijana wao ajira. Sisi tuna mto. Mto una faida zake, ila hausamehi mtu asiyejua saa.

Misimu ya pepo zetu kila aliyekaa hapa anaijua: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha masika, kisha kusi ambao hushika nguvu Juni mpaka Agosti, na katikati yake vipindi vya tanga mbili ambapo upepo hauna msimamo. Hapo hatutakuchosha. Tunachotaka kukueleza ni upepo wa siku.

Alfajiri hapa huvuma umande, upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini, kwa sababu nchi kavu imepoa usiku kuliko bahari. Ndio huo wazee huondokea kwenda kuvua. Jua likipanda, umande hufa. Kuanzia saa tatu hivi mpaka saa nne na kitu mto hulala, kama ulivyouona leo. Baadaye ardhi ikishapata moto, hewa yake hupanda juu na ya baharini huingia kujaza nafasi. Mnamo saa sita utaona bendera ya kivuko imeanza kunyooka kuelekea bara. Kati ya saa nane na saa kumi na moja ndipo upepo huwa na nguvu zake zote. Msimu huu wa kaskazi upepo wa bahari na kaskazi wenyewe huvuma karibu upande mmoja, basi vinaongezana. Na tumewafundisha wanafunzi hesabu moja ambayo wengi hawakuitegemea: upepo ukitoka noti 10 kufika noti 20 (noti ni kipimo cha mwendo wa upepo), nguvu yake juu ya tanga haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kwa hiyo kijana aliyelimudu tanga lake saa sita asijitambe kwamba atalimudu saa tisa. Apunguze tanga kabla ya kutoka.

Huo ndio upepo. Sasa maji, Mheshimiwa, maana hapa ndipo penye hatari na ndipo watu wengi wanapokosea kwa kuuogopa upepo peke yake.

Leo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Kwenye pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa pomoni mnamo saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hufikia karibu mita 4. Maana yake ni kwamba mchana huu wote bahari inaingia mtoni, na upepo nao unaingia mtoni. Ngalawa zitaondoka hapa mbele ya mji zikienda kwa kubisha, yaani kukata huku na huku dhidi ya upepo, kuelekea mlangoni, zitazunguka boya tuliloliweka upande wa ndani wa fungu la mchanga la mlangoni, halafu zitageuka na kukimbia na upepo mpaka kwenye mikoko, kisha zirudi kumaliza hapa. Kubisha dhidi ya upepo na maji kwa pamoja ni kazi ya jasho, na utawasikia vijana wakilalamika. Tumewachagulia jasho hilo kwa makusudi. Chombo kikipinduka, kamba ikikatika, ubao ukimponyoka mtu, upepo na maji vyote viwili vinamrudisha kwetu.

Ikishapita saa kumi mambo yanageuka. Maji yanaanza kupwa, tena kwa kasi ya bamvua, na juu yake yanaongezwa na maji ya mto wenyewe. Upepo haujui kwamba maji yamegeuka. Unaendelea kuingia kwa nguvu ileile. Pale kwenye fungu la mlangoni vinakutana kama watu wawili wenye mizigo wanaosukumana kwenye mlango mmoja. Mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima, yanavunjika kila upande, na ngalawa ikipanda moja haipati nafasi ya kushuka kabla ya jingine kuifika omo, yaani mbele. Wakati huohuo aliyeanguka anavutwa nje. Ajabu ni kwamba ukiwa umesimama hapa mjini saa kumi na moja jioni, jua limelegea, joto limepungua, utaona ndio wakati mzuri wa kwenda kucheza. Saa hiyo ya siku za bamvua, kikundi chetu hakimruhusu mtu kupita boya. Hatujali ana ujuzi gani.

Siku za maji mafu, ambapo maji hujaa na kupwa kidogo tu, saa zinabadilika: maji hujaa asubuhi na kupwa mchana, lakini mkondo wake ni dhaifu. Wanaoanza tunawapeleka siku hizo, juu zaidi, mbali na mlango, na kila mmoja akiwa na mwenzake kando.

Kuna mto mmoja wa mbali ambao vijana wetu wanaupenda kuutazama kwenye simu zao, nao unatusaidia kufundisha. Ni mto Columbia, Marekani, unaopasua milima ya Cascade kati ya jimbo la Oregon na Washington, na mji wake wa michezo ya tanga unaitwa Hood River. Kiangazi chao, hewa baridi ya bahari ya Pasifiki huvutwa kupitia bonde hilo jembamba kwenda kwenye nyanda kavu zenye joto upande wa mashariki, wakati mto wenyewe unatiririka kwenda magharibi. Upepo na maji vinapingana siku nzima, na wao wanaupenda upinzani huo, kwa sababu mkondo humrudisha mchezaji upande unakotoka upepo, asipelekwe mbali. Kabla ya kuingia majini hulinganisha mgandamizo wa hewa wa upande wa Portland na ule wa mji wa The Dalles, na tofauti ikiwa kubwa wanajua upepo unakuja. Kanuni ni ileile ya kwetu: baridi ya bahari na joto la bara. Tofauti ni kwamba mto wao unakwenda njia moja, na mlango wa mto wetu hugeuza maji mara nne kwa siku. Kijana anayejifunza kwa kuwatazama wao, halafu akaenda kutafuta upinzani huohuo pale kwenye fungu, anajitafutia balaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tupa macho ng'ambo, Bweni. Ile ardhi imeinuka ghafla kutoka majini, na juu yake kuna miti. Msimu wa kusi, upepo unatoka upande ule. Mwanafunzi anaondoka upande huu na ubao wake, tanga limejaa, miguu ameikita, uso unacheka. Akifika chini ya mwinuko, upepo unakatika kama haukuwapo, tanga linamlegea mikononi, naye anaanguka mgongoni. Anasimama, anavuta kamba ya tanga, na tanga likiwa nusu juu nusu majini, upepo unamporomokea kutoka juu ya miti na kulibamiza upande wa pili. Hewa inapopita juu ya kilima inajikunja nyuma yake, na mikunjo hiyo inafika mbali majini, mara kadhaa ya kimo cha kilima. Dawa tunayofundisha ni macho: tazama maji mbele yako, ukiona madoa meusi yanakimbia juu ya uso wa mto, huo ni upepo unakuja, ukiona pameng'aa, umekufa hapo. Wanaorusha kaiti hatuwaruhusu kabisa kucheza upande wa Bweni wakati wa kusi. Tanga likilegea linaanguka tu. Kaiti ikilegea na kushikwa tena na upepo hubeba mtu.

Kuhusu masika tutasema machache. Dhoruba za masika hutanguliwa na upepo wa baridi kabla ya mvua, na ukiona kimya cha ghafla chini ya wingu jeusi, tua tanga uende ufukweni, usingoje radi ikukute na mlingoti. Jambo jingine ambalo wageni hawalijui ni kwamba mto hupanda hapa hata kama kwetu hakujanyesha. Bwawa la Nyumba ya Mungu huzuia maji ya kutoka Kilimanjaro na Meru, lakini mto Luengera unaoshuka kutoka Usambara unaingia chini ya bwawa hilo, upande wa Korogwe. Ikinyesha Usambara, sisi tunapokea maji ya matope na magogo. Gogo lililolowa huelea nusu inchi tu juu ya maji, na ubao unaokwenda kasi ukiligonga, mtu huruka.

Tunaishukuru Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri wake wa upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 tunauheshimu kama amri, na siku hiyo hakitoki chombo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu kuelekea Mafia, tahadhari zilitolewa mapema, na hata safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Vijana wetu walizipandisha ngalawa juu na kuzifunga kwenye minazi. Wazee ndio waliowasimamia kufunga mafundo, maana mafundo ya vijana, tuseme ukweli, yalikuwa ya mapambo.

Lakini utabiri huo ni wa mkoa mzima, na programu za simu hugawa nchi katika miraba ya kilomita kadhaa. Hakuna mraba unaokijua kilima cha Bweni, wala fungu letu, wala saa ya maji kugeuka mbele ya kivuko. Ujuzi huo umo vichwani mwa wazee hawa waliokaa mstari wa mbele, na sasa umeanza kuingia katika daftari letu, ambamo kila alasiri mwanafunzi wa zamu huandika upande wa upepo, hali ya maji na bendera ya kivuko ilivyokaa. Wazee walilicheka daftari mwanzoni. Sasa wanatuma wajukuu kuja kuuliza jana limeandikwa nini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya maelezo hayo tunaleta maombi yetu. Tunaomba kipima upepo, hata cha kushika mkononi, pamoja na ubao mkubwa wa matangazo pale kivukoni, ili kila siku utabiri wa Mamlaka, saa za maji kujaa na kupwa, na kipimo cha upepo wa mlangoni viandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo mvuvi atazisoma bila kushuka kwenye chombo. Tunaomba mashua ndogo ya injini ya uokoaji. Leo tumeazima, na mwenyewe ametuambia anaitaka kabla ya magharibi. Tunaomba majaketi ya kuokolea maisha, hasa ya saizi za watoto, kwa sababu yaliyopo yanawavuka vichwani. Tunaomba pia utusemee shuleni ili mafunzo ya kuogelea yawafikie wasichana, kwani wanaojiandikisha ni wengi kuliko wanaoruhusiwa na nyumbani, na wazazi wamesema watalegeza wakipata mwalimu wa kike. Maombi haya tuliwahi kuyapeleka mahali tukaambiwa tuandike andiko. Tuliandika. Nakala yake utakabidhiwa pamoja na risala hii.

Kwa sasa ni saa nane na dakika chache, na bendera ya kivuko imenyooka kuelekea bara. Tunakuomba uelekee kwenye gati ukapulize filimbi ya kuondoa vyombo, na mwenyeji wako atakuonyesha lilipo boya. Kivuko kikiwa katikati ya mto utaona ngalawa zote zinakipisha. Hiyo nayo ni kanuni, atakayeivunja hana zawadi.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanakikundi, na imesomwa kwako na Katibu.