Barua ya wazi kwa Balozi wa Marekani hapa Nairobi: pesa za usalama zifungwe na uhai wa waumini

Mheshimiwa Balozi,

Pokea salamu kutoka Eastlands. Najua ofisi yako pale Gigiri ni ya Kenya, si ya Nigeria wala Misri, lakini wewe ndiye mtu wa Washington aliye karibu na sisi, kwa hivyo nakuomba hii ifike huko juu.

Ombi langu ni moja: serikali ikipewa na Marekani ndege, bunduki ama mafunzo, ionyeshe kwanza inawalinda Wakristo wanaowindwa kwa nchi yake, isipoonyesha mzigo usimame.

Sisi hii maneno tumeizika kwa mikono yetu. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakakuta wanafunzi Wakristo kwa maombi ya asubuhi, wakaanza na hao, halafu wakaenda hosteli wanauliza mtu dini yake, ukisema Mkristo umekwisha. Watu 148. Recce, kikosi maalum cha polisi, walikuja kumaliza hiyo kitu jioni, siku nzima imeisha, na wazazi wakapanga foleni mochari ya Chiromo kutafuta watoto kati ya maiti. Na msaada wenu Kenya ilikuwa inapata miaka yote hiyo! Kilichokosekana ni mkubwa mmoja kuogopa kwamba akichelewa kuna kitu atapoteza.

Nigeria ni hivyo hivyo, tena mbaya zaidi. Aprili 2014 wasichana 276 wa shule walibebwa Chibok na wanamgambo wa Boko Haram, wengi wao Wakristo, na Amnesty, shirika la haki za binadamu, wakasema jeshi pale Maiduguri lilikuwa limepata habari karibu masaa manne kabla. Masaa manne jamani. Baadaye mkawauzia ndege 12 za kivita za Super Tucano, dili ya karibu dola milioni 500, zikafika 2021. Juni 2022 waumini wakauawa ndani ya kanisa Katoliki huko Owo, Juni 2025 ikawa Yelwata kule Benue, zaidi ya watu 100, wengine ni wakimbizi waliokuwa wamelala sokoni kwa sababu walishafukuzwa kwao. Nyinyi Nigeria mliiweka kwa ile orodha yenu ya nchi zinazokandamiza dini 2020, mkaitoa 2021, mkairudisha 2025. Msichana wa shule Leah Sharibu alishikwa Dapchi 2018, wenzake wakaachiliwa yeye akabaki kwa sababu alikataa kumkana Yesu, na mpaka sai mamake anangoja.

Mtasema kuna sheria ya Leahy. Ni nzuri, inazuia msaada kwa kikosi kilichoua ama kutesa watu, lakini kikosi kilichopigiwa simu kikakaa kambini haikigusi, na huko vijijini watu wanakufa sana sana kwa huyo wa kukaa. Misri nayo mnaipa dola bilioni 1.3 za jeshi kila mwaka, kipande kimefungwa na haki za binadamu, halafu mara nyingi Washington inasema ni mambo ya usalama wa taifa na pesa inatoka tu. Sharti linalorukwa hivyo halimtishi mtu.

Na sisemi Waislamu waachwe. Boko Haram wameua Waislamu wengi sana, na hapa kwetu Desemba 2015 ndani ya basi la Mandera ni Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, mwalimu Salah Farah akapigwa risasi akafa Januari. Jeshi likilazimishwa kufika haraka kwa kijiji cha Wakristo litajua pia njia ya kwenda msikitini.

Msaada wote msikate leo, hapo Al-Shabaab ndio watafurahi. Fungeni sehemu kubwa yenye uzito, na isifunguliwe na saini ya mtu mmoja, na kabla itoke muulize kila shambulio: jeshi liliitwa saa ngapi, lilifika saa ngapi, nani ameshtakiwa, waliofukuzwa wamerudi mashambani kwao? Majibu yawekwe wazi tusome wote, hata sisi wa huku.

Ni mimi, muumini wa Eastlands, Nairobi.