Barua kwa Mama Wakesho, Sagala

Chicago,
29 Desemba 2022

Mama Wakesho mwenzangu,

Salamu sana. Sisi huku wazima, ila baridi. Neema ameng'oka meno mawili ya mbele na anakusalimu kwa mapengo yake. Baba Neema yuko kazini, ndiyo maana leo nimepata nafasi ya meza.

Najua umeninunia, na una haki. Ule ujumbe wako wa sauti wa Novemba niliusikiliza ndani ya basi nikitoka kazini, nikausikiliza tena jikoni, na tena usiku. Ulisema ng'ombe wa mwisho wa mzee ameanguka karibu na silanga, lile bwawa la maji ya mvua, na silanga lenyewe limebaki tope lililopasuka. Ukasema pundamilia wamelala kando ya barabara kama magunia na watu wanapita tu. Ukasema nyuki wamehama mizinga. Halafu mimi nikakujibu kwa ile picha ya mikono miwili ya kuomba. Basi. Mtu anakuambia mambo hayo, wewe unamtumia mikono ya manjano! Tangu siku hiyo nimeona haya hata kukuuliza umeamkaje. Kila nikishika simu nikurekodie, sauti inakwama. Ndiyo nikachukua kalamu. Barua anakuja nayo Mwadime pamoja na kifurushi. Viatu ni vya Wakesho, dawa ya kuchua ni ya mzee, chokoleti ni za wote, na tafadhali usimtume kaka yako kuzichukua Voi, unamjua.

Sasa nikueleze.

Siku ya Jamhuri nilikuwa na mapumziko. Huku siku hiyo haina habari na mtu, kazi zinaendelea, shule zinaendelea. Jioni nikamfunga Neema makoti mawili na kofia ya sufu, tukapanda basi la 151 linalofuata ziwa mpaka Lincoln Park, kwenye bustani ya wanyama. Kila mwaka wakati wa Krismasi wanawasha taa bustani nzima, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1995. Bustani yenyewe ni ya zamani sana, ya 1868, ilianza kwa batamaji waliotolewa zawadi kutoka New York. Mchana kiingilio ni bure siku zote za mwaka, kwa hiyo sisi tunaijua kama nyumbani. Usiku ndio nilikuwa sijawahi.

Mama Wakesho, nilifurahi. Nalisema kwanza kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo wiki hizi zote. Walikuwa wamezungushia taa kila tawi, si shina tu, mpaka vile vijiti vyembamba vya mwisho ambavyo ndege hawezi kutua. Miti huku wakati huu haina hata jani moja, kwa hiyo unaona umbo lote la mti, limechorwa kwa moto wa buluu. Muziki unapigwa na taa zinaufuata, zinazima hapa zinawaka kule. Kuna handaki la taa, ukipita ndani uso wa mtoto unakuwa kijani, kisha mwekundu, kisha dhahabu. Neema alinishika mkono kwa glavu zake na kila hatua anasema "Mama, ona. Mama, ona." Kuna gurudumu kubwa la kubembea, ukiwa juu unayaona maghorofa ya mjini yote na ziwa likiwa jeusi upande wa pili. Theluji hakuna siku ile, upepo tu, ule wa ziwani unaopenya mpaka kwenye meno.

Halafu tukamfikia pundamilia.

Ni chuma kilichokunjwa kwa umbo, mkubwa kama punda wa kweli, amefungwa taa nyeupe mistari mistari. Mistari myeupe ni taa. Mistari myeusi ni giza tu, hakuna kitu. Nilisogea karibu nikaona hivyo, kwamba kati ya taa na taa unaona ng'ambo, unaona watu wanapita na vikombe vyao vya kakao. Neema akaingiza mkono katikati ya mbavu ukatokea upande wa pili. Akacheka. Mimi nikasikia sauti yako, maneno yale yale, "wamelala kama magunia."

Wiki ile ya ujumbe wako nilikuwa nimesoma hesabu alizotoa waziri wa utalii. Ndovu 205 wamekufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba. Nyumbu 512. Pundamilia wa kawaida 381, na 49 wa wale wa Grevy ambao ni wachache hata mvua inaponyesha. Nilizisoma kwenye simu nikasikitika, kisha nikaenda kupika. Sikujua kama zimeingia. Kumbe zilikuwa zimeingia zikakaa, zinangoja pundamilia wa taa.

Bibi yangu alikuwa akisema, pilipili usozila zakuwashiani? Najua ungeweza kuniambia hivyo hivyo, kwamba nilijiondokea zamani, nina maji ya bomba moto na baridi, inaniwashiani. Lakini shamba lile nimekula mimi. Miaka mitatu ya sekondari mama yako alinipakulia kama mtoto wake, na mahindi yale niliyapukuchua kwa dole gumba hili hili.

Na ona sasa, neno lenyewe pilipili. Tulipokuwa tunaelekea mlangoni kurudi, simba akanguruma. Wanyama usiku huwaoni, wamelala, ila sauti ilitoka upande wa nyumba ya simba, lile jengo la matofali la 1912, ikapita juu ya muziki na juu ya watu wote. Uliza nilichofanya. Nilimbeba Neema. Mtoto wa miaka sita, na makoti mawili! Mwili ulifanya wenyewe, kama zile usiku tulipowasikia kutoka upande wa mbuga na mama yako anasukuma lile pipa nyuma ya mlango. Watu walisimama wakatabasamu, wengine wakapiga makofi. Mimi nimemkumbatia mtoto, moyo unadunda.

Jumapili mchana nikamrudisha Neema amwone huyo simba aliyenguruma. Kibaoni kumeandikwa majina. Dume anaitwa Jabari. Majike ni Zari, Cleo na Hasira. Na kuna mtoto dume aliyezaliwa tarehe 15 Machi mwaka huu, ameitwa Pilipili. Nilisimama pale nikasoma mara mbili. Familia iliyosaidia kuijenga upya nyumba ile jina lao ni Pepper, maana yake pilipili, basi wakaligeuza kwa Kiswahili wakampa simba. Miamba wanayolalia ina mitambo ndani ya kuipasha moto. Pilipili alikuwa amejilaza juu ya mwamba, tumbo limegusa jiwe la moto, masikio yametulia, madoadoa ya utotoni bado yako miguuni. Watu wanamwita "Pilipili! Pilipili!" kwa lafudhi zao, yeye hageuki. Neema akauliza maana yake. Nikamwambia. Akauliza Hasira nini. Nikamwambia. Akakunja uso, "Kwani alikasirishwa na nani?" Tangu siku hiyo kila kitu anauliza kwa Kiswahili kinaitwaje, mpaka bafuni ananiita. Miaka mitatu nimekuwa nikimbembeleza aseme hata "shikamoo" kwenye simu na babu yake, hataki. Simba mmoja amefanya nilichoshindwa. Nataka usikie anavyosema "mwamba."

Wale simba wetu wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli, nao wako hapa hapa mjini, nilishakuambia? Wako kwenye jumba la makumbusho la Field Museum. Yule Patterson aliyewaua 1898 pale darajani alikaa na ngozi zao kama mazulia miaka na miaka, mwisho akaziuza hapa 1924 kwa dola 5,000. Wamejazwa, wamesimamishwa ndani ya kioo, hawana manyoya ya shingoni, wadogo kuliko nilivyowawazia tukiwa watoto. Mara ya kwanza nilipowaona nilikaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Nilimwambia natoka kwao.

Narudi kwenye lile la nyuki, kwa sababu Neema hajaniacha nipumue. Aliniuliza ndovu wako wapi. Bustani hii haina ndovu tena, wa mwisho walikufa 2004 na 2005 na hawakuletwa wengine. Nikamwambia basi nikuhadithie ndovu wa kina anti. Nikamweleza jinsi babu alivyozungushia shamba waya, na kwenye waya kuna mizinga, kila baada ya mita kumi mzinga mmoja, na ndovu akija usiku akisukuma waya ule mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka na hasira zao, na ndovu na ukubwa wote ule anageuka anakimbia. Alifurahi kupita taa zote. Alichora. Picha iko ndani ya bahasha hii, ile michoro ya duara yenye miguu ndiyo nyuki. Halafu akauliza, "Sasa hivi nyuki wanafanya nini?" Nikasema wamehama, hakuna maua. "Wamehamia wapi?" Sikuwa na jibu. Niulizie kwa mzee, tafadhali. Mtoto anauliza kila asubuhi.

Sasa lile ambalo nakuomba usiniwekee kiburi. Kabla ya Krismasi baridi ilishuka mpaka nyuzi 20 na zaidi chini ya sufuri, wenzangu wengi hawakuweza kufika kazini, nikafanya shifti mbili mbili kwenye nyumba ya wazee. Hela ile nimeiweka kando na sikuigusa. Ni ya tangi. La lita 10,000, na gata za paa lote, si upande mmoja. Nitaituma kwa M-Pesa kwa Mwalimu Mghanga, siyo kwako, kwa sababu nakumbuka 2017 uliirudisha ile ya mazishi na ukaniambia nijinunulie koti. Koti ninalo. Mwalimu nimeshaongea naye, amekubali kwenda nawe Voi kulichagua.

Najua utasema tangi la nini na misimu mitano mfululizo mvua imetukwepa. Bauza la maji likija mnajaza wapi? Madebe? Siku mvua ikirudi hutapata muda wa kutafuta tangi, itashuka yote kwa wiki mbili itaishia bondeni, unakumbuka ilivyobeba daraja la miguu tukiwa kidato cha pili. Nilitaka kukutumia tangu Novemba, ila nilikuwa naona kama ni kununua msamaha. Sasa naona hata kama ni hivyo, maji ni maji. Lichukue. Ukinikasirikia, nikasirikie na tangi likiwa limesimama.

Na sikuambii haya ili uone nateseka na taa zao. Nilitaka ujue nilipokuwa, basi. Wewe ndiye mtu pekee ninayetaka kumweleza kitu kizuri kikitokea, na wiki hizi zote nimetembea nacho kimya kwa kuona kwamba kizuri hakisemwi kwa mtu anayezika ng'ombe. Pengine nimekosea. Pengine ungetaka kusikia. Wewe ulikuwa unanisimulia harusi nzima, na nguo za kila mtu, mwaka ule mimi nalala hospitali.

Haya niambie. Matokeo ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, yalitoka tarehe 21, Wakesho alipata ngapi? Mbona hakuna mtu amenitumia, au ndiyo adhabu yangu? Anataka kwenda shule gani? Mzee anatembea bila mkongojo sasa, au bado anawafukuza watoto kwa huo mkongojo? Mbuzi wamebaki wangapi? Yule mweusi mwenye kengele yupo? Ndovu bado wanakuja mpaka nyuma ya choo, na sasa bila nyuki mnafanyaje usiku, mnapiga mabati? Mama Zawadi alirudi kwa mumewe? Na wewe unakula? Usinidanganye kwenye hilo, Mwadime nimemwambia akuangalie vizuri anieleze.

Na mvua, tangu Novemba, hata manyunyu?

Nirekodie sauti, hata fupi, hata kama ni ya kunigombeza. Mwite Neema kwa jina umwambie neno lolote la Kiswahili asilolijua. Anangoja.

Ni mimi,
Mama Neema