Swali la Feisal

Ordizia, Jumatano usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Salamu zote chukua wewe, za mama, za watoto, za majirani wa Kibokoni mmoja mmoja, na za Kassim pia ingawa hastahili. Najua umeninunia. Miezi minne si mchezo. Nikija utanigombeza uso kwa uso, kwa sasa nisomee tu.

Mwanao ndiye aliyenishikisha kalamu. Feisal ameniandikia kuwa ana kazi ya historia chuoni, na kwa kuwa halati yake anaishi huku kwa Wabaski, kaskazini mwa Hispania, nimjibu swali moja: ETA, lile kundi la silaha lililotaka Wabaski wajitenge, walishinda au walishindwa? Nikamwandikia kama wanavyopenda walimu. Kundi lilianzishwa 1959 na wanafunzi, Franco akiwa dikteta wa Hispania. Mwaka 1973 walichimba handaki chini ya barabara huko Madrid wakamlipua waziri mkuu, Carrero Blanco, gari likarushwa juu mpaka likavuka paa la jengo. Franco akafa 1975, Wabaski wakapata sheria ya kujitawala kama jimbo 1979, na bado risasi hazikukoma mpaka 2011. Kundi lenyewe likajivunja 2018, watu zaidi ya 800 wakiwa makaburini. Unajua alinijibu nini? "Shukran halati, lakini walishinda?" Ubishi huu kaurithi kwa nani, mimi simo.

Basi leo ni siku ya gulio hapa. Kila Jumatano namvalisha Amona koti (amona ni bibi kwa lugha yao, hata jina lake nimeanza kulisahau), namkalisha kwenye kiti cha magurudumu, tunateremka sokoni. Soko liko katikati ya uwanja, paa kubwa juu ya nguzo, jibini zimepangwa kama matofali. Ananunua kipande cha jibini na maharagwe meusi ya Tolosa. Siku moja nilimpikia yale maharagwe kwa tui la kopo, akala sahani mbili kisha akaniambia nisimweleze mtu!

Tukimaliza, hataki kabisa tukate uwanja kurudi nyumbani. Lazima tuzunguke. Mwaka wa pili huu nazunguka naye, nikidhani ni uzee. Leo mvua inanyesha, mikono imenifa ganzi, nikamuuliza kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe: kwani pale pana nini?

Akanyamaza mpaka tukafika mlangoni. Halafu akasema, "Yoyes."

Shoga, huyo Yoyes alikuwa binti wa mji huu huu, Dolores González Catarain kwa jina la nyumbani. Aliingia ETA msichana, akapanda mpaka kwenye uongozi, mahali wanawake walikuwa hawajafika. Kisha akachoka na damu, akatoka. Akaenda Mexico, akasoma, akazaa. Mwaka 1985 akarudi nyumbani, hana vita na mtu. Kwenye kuta za mji wakamwandika msaliti. Tarehe 10 Septemba 1986, mji uko kwenye sherehe, anatembea uwanjani na mwanawe wa miaka mitatu, wenzake wa zamani wakampiga risasi mbele ya yule mtoto. Alikuwa na miaka 32. Nimeangalia kalenda, ilikuwa Jumatano.

Amona anasema alisikia mlio akadhani fataki.

Hapo nilitaka kumlaani kila aliyewahi kubeba bendera yao, lakini Amona hakuniachia. Alinyosha kidole, akanionyesha kama anavaa pete. Shuleni kwake, mtoto akisikika anasema Kibaski alipewa pete. Ili aiondoe sharti amkamate mwenziwe akisema, ampe yeye. Jioni yule aliyebaki nayo ndiye anayechapwa. Mwanaisha! Si ile diski yetu ya shuleni, ya anayesikika akisema Kiswahili? Unakumbuka ulivyonivisha mimi diski kwa kusema "nipishe" tu, nikarudi nyumbani na viganja vimevimba? Bado nakudai.

Kwa hiyo hasira yao naijua ilikotoka, nimeivaa shingoni. Na serikali nayo haikuwa na mikono safi: miaka ya themanini palikuwa na kikosi cha siri cha kuua, GAL, kikaua watu 27, na waziri wa mambo ya ndani akahukumiwa kwa mambo hayo 1998. Yote haya Amona anayajua. Lakini kila nikipanga hesabu, diski upande huu, GAL upande huu, namrudia yule mtoto uwanjani, na hesabu inavurugika.

Leo watoto wa hapa wanasoma kila kitu kwa Kibaski, hata hisabati. Mimi mwenyewe wananifundisha. "Bai" maana yake ndiyo. Mwezi wa kwanza nilidhani kila mtu ananiaga. Ila kuna mambo hayasemwi kwa lugha yoyote. Baa iliyo chini yetu wanakunywa wazee wawili, mmoja ndugu yake alikaa jela kwa ajili ya ETA, mwingine alikuwa akitozwa ile waliyoiita kodi ya mapinduzi. Kaunta moja, miaka yote hii, salamu hakuna. Mwenye baa anapitisha katikati yao na kitambaa chake kama... sijui kama nini, basi anapitisha tu.

Sasa nishauri. Nimwandikie Feisal habari ya yule mtoto, au nimwachie tarehe zake apate maksi? Kazi anaiwasilisha lini? Na yale maneno yake ya "Pwani si Kenya", bado, au yalipita na ndevu? Mama anameza dawa zake? Bi Rukia alihama kweli? Leso niliyokuagiza uliipata, ile ya rangi ya kisutu, na jina lake linasemaje? Ni ya Amona, nataka nimfunike magotini Jumatano tukizunguka.

Ananiita, ameangusha mto tena.

Wako,
Zuhura