Barua ya wazi kwa Gavana wa Kilifi: Kitwitwi wa Sabaki apewe pa kupumzika

Mheshimiwa Gavana,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kuhusu mlango wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa Malindi, na kuhusu ndege ambaye wengi wetu humwita kitwitwi bila kutofautisha aina moja na nyingine. Ninayemkusudia ni yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, anayezaliana katika nyanda za baridi za Siberia na kuanza kutufikia mwezi wa Agosti. Oktoba 2024, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ulimwingiza miongoni mwa viumbe wanaotishiwa kutoweka.

Matope ya kahawia ambayo Sabaki huyashusha kutoka bara, na ambayo waogeleaji hawayapendi, ndiyo yanayomlisha. Taabu yake huanza maji yakijaa. Yanapopwa, ndege hutawanyika matopeni wakitafuta minyoo. Yanaporudi, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, wote hubanwa kwenye mafungu machache ya mchanga. Gari au mbwa akipita hapo, kundi zima huruka, na kila kuruka kunapunguza mafuta ya mwilini ambayo, kufikia Aprili, kitwitwi huyo akiwa ameanza kugeuka rangi ya matofali, ndiyo masurufu yake ya safari ya maelfu ya kilomita kurudi kaskazini.

Kwa hiyo ninaomba mafungu hayo, pamoja na matuta ya mchanga yanayoelekea Mambrui, yachorwe katika mpango wa kaunti wa matumizi ya ardhi kuwa eneo lisilojengwa wala kupitishwa magari. Ninaomba pia kaunti iishawishi serikali ya kitaifa kulipendekeza eneo hili kwa Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na ambao tayari unatambua Delta ya Tana, jirani yetu.

Sisahau kwamba vijana wa Mambrui na Sabaki wanahitaji kazi. Wapo wanaojua ndege hawa kuliko wageni wanaokuja na darubini, na ningependa wao ndio waajiriwe kulinda mafungu hayo saa za maji kujaa. Mipaka ikiwekwa kabla ya Agosti, kundi litakalotua litaikuta.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Malindi